Gia ikigoma alfajiri, ilaumu haraka kabla ya kukilaumu chuma

Porsche 911 ya miaka ya 1970 na Land Cruiser inayobeba abiria na magunia ya mpunga kati ya Kasongo na Kabambare, huko Maniema nchini Kongo, ni magari yasiyofanana kwa lolote. La kwanza liliundwa likimbie, la pili livumilie. La kwanza hulala kwenye banda lenye sakafu iliyopigwa deki, la pili hulala chini ya mwembe huko Lusangi likiwa na matope hadi milangoni. Hata hivyo alfajiri yote mawili yana tabia moja. Dereva akitoka gia ya kwanza kwenda ya pili, wenzo unagoma katikati ya njia, au unaingia kwa kukwaruza kunakosikika hadi kwa abiria wa nyuma. Gari likishatembea kilomita kumi au kumi na tano, wenzo uleule unaingia kwa ulaini kana kwamba hakukuwa na ugomvi. Wapo madereva wanaosema giaboksi limeanza kufa, na wapo wanaosema gia zinataka mkono wa kiume. Wote wanakosea. Mgomo wa asubuhi, mara nyingi, ni kazi ya mafuta yaliyopoa wala si ugonjwa wa chuma. Kinachougeuza kuwa ugonjwa ni dereva anayeujibu kwa nguvu, na kadiri gari linavyokuwa mbali na duka la vipuri ndivyo nguvu hiyo inavyokuwa ghali.

Ili hoja hiyo isimame, kwanza tuangalie kinachotokea ndani ya chuma. Kubadili gia, au vitesi kama wasemavyo madereva wa Maniema, si kuhamisha gurudumu moja la meno likakutane na jingine. Katika giaboksi la kisasa magurudumu yote ya gia za mbele yameshikana wakati wote. Kinachohama ni pete yenye meno inayolifunga gurudumu moja kwenye shafti. Pete na gurudumu hilo huwa vinazunguka kwa kasi tofauti, na meno yakikutana kabla kasi hazijalingana, ndipo sauti ya kukwaruza inaposikika. Zamani dereva ndiye aliyezilinganisha mwenyewe, kwa sikio na kwa mguu. Mwaka 1928 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilileta sokoni sinkronaiza, kifaa kilichobuniwa na mhandisi Earl Thompson, nacho kikampokonya dereva kazi hiyo. Ni ringi ndogo ya aloi ya shaba au chuma inayoukumbatia mdomo wa gurudumu la gia na, kwa msuguano tu, kulipunguza au kuliongeza mwendo mpaka kasi zilingane. Porsche nao wakabuni aina yao na kuitia katika gia zote za mbele za modeli ya 356 mwaka 1952, kisha wakawauzia wengine haki ya kuitumia. Alfa Romeo waliitumia, na baadhi ya Datsun 240Z za mwanzo pia zilikuwa nayo.

Tuliweke hapo neno msuguano, maana ndiyo roho ya jambo zima. Ringi ya sinkronaiza inafanya kazi ya breki, lakini ni breki inayotakiwa kushika ikiwa imezama kwenye mafuta. Kabla haijashika, lazima iyakamue mafuta yaliyo kati yake na gurudumu hadi nyuso mbili zigusane. Mafuta yakiwa mepesi yanakimbia kupitia vifereji vidogo vilivyochongwa kwenye ringi, na kazi inakwisha kwa sehemu ndogo ya sekunde. Yakiwa mazito yanakaa palepale, ringi inateleza juu yake, na dereva anayesukuma wenzo anakuta ukuta. Mama yeyote wa Kabambare aliyeacha chupa ya mawese nje usiku wa kiangazi anaijua tabia hii: asubuhi mawese yamejikusanya chini na hayataki kumiminika, adhuhuri yanatiririka yenyewe. Mafuta ya gia hayagandi kama mawese, lakini yanaelekea upande huohuo.

Ukubwa wa badiliko hilo unawashangaza hata mafundi. Chukua mafuta ya kawaida ya gia ya daraja la 80W-90, yaliyo madukani kote Afrika Mashariki na Kongo. Yakiwa na joto la nyuzi 100 mnato wake ni kama sentistoki 14 au 15. Yakipoa hadi nyuzi 40 mnato unafika kama 140. Ukiendelea kukokotoa kwa kanuni ileile wanayoitumia wataalamu wa vilainishi, kwenye nyuzi 20 unapata karibu 490, na kwenye sifuri zaidi ya 2,600. Giaboksi lililokwishapata joto la kazi huwa karibu na nyuzi 80, ambapo mnato ni kama 26. Kwa hiyo ringi iliyozoea kukamua mafuta ya sentistoki 26 inaombwa asubuhi ikamue mafuta mazito zaidi ya mara kumi na tano, kwa muda uleule na kwa mkono uleule wa dereva. Ikichelewa kutii, haijafanya kosa lolote.

Hapa msomaji wa Kasongo ana haki ya kuuliza: baridi gani hiyo? Maniema iko karibu na ikweta, Kasongo imekaa chini kwenye bonde la Lualaba, na hata usiku wa Juni au Julai, kiangazi kikiwa kimeshika, maji hayakaribii kuganda. Mazungumzo ya gari baridi, atasema, ni ya watu wa Ulaya na Kanada, au basi ya Limuru, Timboroa, Njombe na Kabale, ambako watu huamka na makoti. Pingamizi hili lina nguvu, lakini linachanganya baridi ya ngozi na baridi ya mashine. Kwa binadamu nyuzi 20 ni asubuhi nzuri. Kwa giaboksi linalofanya kazi kwenye nyuzi 80, nyuzi 20 ni pungufu ya nyuzi 60. Hesabu iliyotangulia ilitumia nyuzi 20 makusudi, kwa kuwa ndiyo asubuhi yetu, na bado mnato ulitoka mara kumi na tano na zaidi. Aliye Timboroa au Montreal ana tatizo kubwa kuliko letu, na ndiyo maana viwango vya kimataifa vinayataka mafuta ya daraja la 75W yapimwe hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Lakini tatizo ni lilelile kwa kiasi tofauti. Gari la Lusangi huwa baridi kila alfajiri ya mwaka, hata kama mwenyewe hajawahi kuvaa sweta.

Swali la pili linalojitokeza ni kwa nini gia ya pili ndiyo huwa na kiburi kuliko nyingine. Jibu liko kwenye hesabu ya meno. Katika giaboksi la Porsche 911 la aina ya 915, uwiano wa gia ya kwanza ni kama 3.18 na wa pili ni kama 1.83. Dereva akibadili injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, sehemu zinazozunguka kati ya klachi na gia lazima zishuke hadi kama 1,730 ili zilingane na mwendo wa magurudumu ya gari. Ringi ndogo inatakiwa kumeza tofauti ya karibu mizunguko 1,270. Kutoka ya pili kwenda ya tatu kwa mizunguko ileile, tofauti ni kama 940 tu, na juu ya hapo inazidi kupungua. Kibaya zaidi, gia ya pili ndiyo inayotumika kila kona, kila daraja la magogo, kila shimo. Ringi yake inafanya kazi ngumu kuliko zote na mara nyingi kuliko zote, hivyo ndiyo ya kwanza kulalamika mafuta yakiwa mazito na ndiyo ya kwanza kwisha ikilazimishwa.

Magari ya spoti yana sababu zake za ziada. Injini kubwa inadai klachi pana na magurudumu manene ya gia, na kitu kizito kinachozunguka kinachukua muda kupunguzwa mwendo. Wenzo wake hufanywa mfupi ili mkono usisafiri mbali, lakini ufupi huo unampunguzia dereva nguvu ya kuinulia, kwa hiyo kila ugumu wa ndani unafika kiganjani bila kupunguzwa. Giaboksi la 915, lililotumika kwenye 911 kuanzia modeli za 1972 hadi 1986, lina sifa hiyo duniani kote: likiwa baridi linataka mkono wa taratibu, likipata joto linanyooka. Mwaka 1987 Porsche walileta jingine, G50, lenye sinkronaiza za aina nyingine. Ferrari za miaka ya 1970 na 1980 kama 308 zilikuwa na gia ya pili iliyojulikana kwa kugoma baridi kiasi kwamba wenye nazo walizoea kutoka ya kwanza kwenda ya tatu moja kwa moja hadi mafuta yapate joto. Haya yalikuwa magari ya gharama kubwa kuliko mengi ya wakati wake, mapya, kutoka viwanda vyenye wahandisi hodari. Kama mgomo wa asubuhi ungekuwa dalili ya chuma kibovu, hayo yasingekuwa nao. Yalikuwa nao kwa sababu sinkronaiza ya msuguano na mafuta mazito ni wapinzani kwa maumbile yao.

Atakayebisha ataleta ushahidi wa Safari Rally. Watu wa eneo letu wamekua wakisikia habari za mashindano hayo tangu yalipoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na picha iliyobaki vichwani ni ya dereva anayepiga gia kama anayepigana. Mbona magari yale yalistahimili? Rekodi zenyewe zinasema kinyume. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na saba tu yakamaliza. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza saba tena. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki kwenye Peugeot 404, gari la familia ambalo hakuna aliyeliita la kasi. Datsun 240Z, gari la spoti hasa, ilishinda mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyekuja kushinda mara tano kwa jumla. Porsche 911, iliyokuwa na kasi ya kuwatisha wote, ilimaliza ya pili mwaka 1972, 1974 na 1978, na haikuwahi kutwaa ushindi katika mashindano yale. Siwezi kudai kwamba gia ndizo ziliamua matokeo hayo. Matope, mawe na bahati vilikuwa na sehemu kubwa. Ninachodai ni kidogo na kinatosha: kwenye barabara za Afrika Mashariki, historia haikumpa ushindi anayelishurutisha gari. Ilimpa anayelifikisha.

Tena magari ya rali ya leo hayawezi kutumika kama kielelezo. Mengi hayana sinkronaiza kabisa. Yana meno makubwa machache yanayogongana na kushikana mara moja, na kwa kifaa cha namna hiyo kusitasita ndiko kunakoharibu. Timu zao zinaingia kwenye mashindano na mafundi pamoja na magiaboksi ya akiba. Tangu Safari irudi kwenye kalenda ya ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, watazamaji wanaona kwenye simu dereva akivuta wenzo kwa kishindo, kisha kesho yake kijana wa Hiace anaiga. Anaiga mkono bila kuwa na chuma cha kuupokea. Ringi ya sinkronaiza ikisukumwa kwa nguvu kabla mafuta hayajakamuliwa, ncha za meno yake zinasagika kidogokidogo. Zikishapoteza ncha, hazizuii tena pete kupita kabla ya wakati, na hapo ndipo gia inaanza kukwaruza hata mchana, hata ikiwa moto. Ugonjwa uliokuwa haupo umezaliwa.

Dawa inayopendekezwa zaidi kwenye magaraji ni kubadili mafuta, na wazo hilo ni zuri, ila utekelezaji wake ndio wenye mitego. Mtego wa kwanza ni imani kwamba mafuta mazito zaidi ndiyo yanayolinda zaidi, kwa hiyo gari lililochoka litiwe 140 badala ya 90. Kwa difu ya lori inayolia kwenye mlima wazo hilo lina nafasi yake. Kwa giaboksi lenye sinkronaiza ni kuiongezea ringi mzigo uleule unaoishinda asubuhi. Mtego huu unachochewa na namba za chupa. Mtu anaona 90 kwenye mafuta ya gia na 40 kwenye mafuta ya injini, anadhani ya kwanza ni mazito mara mbili. Hizo ni mizani mbili tofauti. Kwenye nyuzi 100 daraja la 40 la injini lina mnato kati ya sentistoki 12.5 na 16.3, na daraja la 90 la gia lina kati ya 13.5 na 18.5. Yakiwa moto yanakaribiana kama ndugu. Namba ya kuangaliwa na anayesumbuliwa na asubuhi ni ile iliyotangulia herufi W: 75W hubaki mepesi kwenye ubaridi kuliko 80W, na 80W kuliko 85W. Kama kitabu cha gari kinaruhusu 75W-90 ya sintetiki, hiyo ndiyo dawa halali ya mgomo wa alfajiri, na inafanya kazi bila kupunguza ulinzi gari likipata joto.

Mtego wa pili hauonekani kwenye namba hizo, uko kwenye herufi GL. Mafuta ya GL-5 yametiwa kemikali nyingi zaidi za salfa na fosforasi kwa ajili ya meno ya difu yanayosagana kwa shinikizo kubwa; GL-4 ina kama nusu yake. Kemikali hizo zinafanya chuma kiteleze, na ringi inayotegemea msuguano haitaki kuteleza. Isitoshe, baadhi ya GL-5, hasa za fomula za zamani, hushambulia aloi za shaba. Ziko chupa zinazokidhi viwango vyote viwili na yapo magari yaliyoundwa kutumia GL-5 kila mahali, kwa hiyo siyo sumu kwa kila gari. Lakini fundi anayemimina mafuta ya difu kwenye giaboksi kwa sababu yote mawili yananuka na yote ni ya 90 anacheza kamari na ringi za mteja. Huko kwetu ambako mafuta hufika kwa madumu kutoka Bukavu, Uvira au Kalemie, kisha yakagawanywa kwenye chupa zisizo na karatasi, mnunuzi hana hata njia ya kujua ananunua GL ipi. Kulipa zaidi kwa chupa iliyofungwa na yenye maandishi ni nafuu kuliko inavyoonekana siku ya malipo.

Kuna na wale wanaosema: kama tatizo ni uzito, basi tuyapunguze kwa dizeli kidogo au kwa mafuta ya usukani. Kweli asubuhi ile gia itaingia laini, na mwenye gari atamshukuru fundi. Lakini mafuta ya gia yana kazi mbili, na ya pili inaanza pale ya kwanza inapokwisha. Jua likipanda, gari likiwa na tani moja ya mzigo likipanda mlima kwa gia ya pili, utando wa mafuta ndio pekee unaozuia meno yasisagane na beringi zisikauke. Utando uliochanganywa na dizeli unakatika. Dereva amenunua dakika kumi za ulaini kwa bei ya saa sita za kusagika. Yapo magiaboksi yaliyoundwa kutumia mafuta mepesi tangu kiwandani, na hayo yatumie mafuta hayo. Kulibuni jambo hilo gereji ni kitu kingine.

Basi tuliache gari lingurume kwanza hadi lipate joto? Ushauri huu unarithishwa kutoka kwa dereva mzee hadi kwa utingo, na kwa injini una maana kidogo. Kwa giaboksi hauna karibu yoyote. Gari likiwa limesimama kwenye frii, gia hazibebi mzigo, na bila mzigo hakuna msuguano wa kutoa joto la maana. Mshale wa joto la maji kwenye dashibodi utafika katikati wakati mafuta ya giaboksi bado yako karibu na joto la usiku. Kinacholipasha giaboksi ni safari yenyewe. Kwa hiyo njia iliyo sawa ni kuondoka mapema baada ya injini kutulia, kisha kuendesha kilomita za kwanza kwa upole: mizunguko ya chini, kituo kifupi kwenye frii kati ya gia moja na nyingine, wenzo ukisukumwa kwa shinikizo tulivu na kuachwa uingie wenyewe. Anayejua ufundi wa zamani wa kukanyaga klachi mara mbili, akiiachia kidogo kwenye frii kabla ya kuikanyaga tena, anaisaidia ringi kazi yake yote. Na pale ambapo ya pili imekataa kabisa, kwenye tambarare hakuna dhambi kuiruka na kwenda ya tatu kwa mwendo mdogo, kama walivyofanya wenye Ferrari.

Pingamizi zito kuliko yote halihusu uhandisi. Dereva wa Kabambare, litasema, hana anasa ya upole. Amebeba mama mjamzito anayepelekwa hospitali ya Kasongo, au anataka kupita sehemu isiyo na usalama kabla watu hawajaamka, au tajiri wake anahesabu safari. Hali hizo ni za kweli, na hakuna anayeweza kumwambia mtu katika dharura astarehe. Ila tuupime huo muda. Kusubiri wenzo uingie wenyewe badala ya kuupiga kunaongeza sekunde moja, labda mbili, na kunahitajika kwa kilomita chache za mwanzo tu. Kwenye njia ambayo daraja moja lililovunjika linaweza kula nusu siku, sekunde hizo hazibadilishi chochote. Kinachobadilisha ni gari kukwama kabla ya mto Luama kwa sababu gia ya pili haishiki tena. Ringi ya gia haitengenezwi kwa nyundo na moto. Inaagizwa, inasafirishwa kwa pikipiki au kwa ndege, na siku zote hizo mgonjwa na mchuuzi wanatembea kwa miguu. Mwenye haraka ya kweli ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kuitunza gia ya pili.

Pikipiki, ambazo ndizo gari halisi la watu wengi wa Lusangi, zinathibitisha hoja hii kwa njia yake. Zenyewe hazina sinkronaiza. Gia zake hushikana kwa meno, na klachi yake ni rundo la sahani zinazoogelea katika mafuta ya injini. Usiku kucha sahani hizo hushikamana kwa mafuta yaliyopoa. Asubuhi mwendeshaji anavuta klachi, sahani haziachani, anaingiza ya kwanza, na pikipiki inaruka mbele kwa kishindo. Wengi hudhani gia imekatika. Dawa yake haigharimu faranga: ivutwe klachi injini ikiwa imezimwa, pikipiki isukumwe mbele na nyuma ikiwa kwenye gia hadi sahani ziachane, ndipo iwashwe. Na mafuta yawe ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA, kwa sababu baadhi ya mafuta ya magari yana viungo vya kupunguza msuguano vinavyoifanya klachi ya aina hii iteleze. Mashine ni nyingine, meno ni mengine, lakini mkosaji wa asubuhi ni yuleyule, na mkono wenye hasira unaharibu vilevile.

Hayo yote hayana maana kwamba hakuna giaboksi linalougua. Yapo, na kuyatofautisha si kazi ngumu. Gia ikigoma baridi na kulainika moto, shuku mafuta kwanza. Ikikwaruza baridi na moto, hasa ikiwa gia moja tu, ringi yake imekwisha na ufunguzi ni halali. Ikiruka yenyewe na kurudi frii mzigo unapopungua, tatizo liko kwenye meno, uma au beringi. Zikigoma zote, na gia ya kurudi nyuma ikilia gari likiwa limesimama, mkosaji mara nyingi ni klachi isiyoachia sawasawa, na giaboksi halina hatia: kagua kebo au mafuta ya klachi kabla ya kushusha kitu chochote. Vipimo hivi vinne havihitaji kompyuta. Vinahitaji kwamba gari lijaribiwe mara mbili, alfajiri na adhuhuri, jambo ambalo garaji nyingi hazifanyi kwa kuwa gari huletwa saa nne asubuhi likiwa tayari na joto, na fundi analazimika kuamini maneno ya dereva.

Tukifika hapo tunagusa mahali ambapo lawama inastahili kutua. Dereva wa kuajiriwa analipwa kwa safari, hapati kitu kwa maisha ya giaboksi. Fundi analipwa kwa kufungua, hapati kitu kwa kusema gari ni zima. Mwenye gari ndiye peke yake anayelipa mwisho, naye mara nyingi yuko Kindu au Bukavu na hajui gari lake linaamkaje. Mpangilio wa namna hii unazaa mikono mizito na magiaboksi yaliyofunguliwa bure. Mwenye gari anaweza kuubadilisha kwa mambo mawili ya bei ndogo: anunue mwenyewe mafuta yanayotajwa na kitabu cha gari, na asikubali bolti hata moja ifunguliwe kabla fundi hajajibu kama gia inagoma ikiwa baridi tu au hata ikiwa moto. Fundi asiyeweza kulijibu swali hilo bado hajalipima gari, na hajastahili kulipwa kwa kulifungua.